Wiki ya Krismasi melini: kisa cha familia ya watu 12 na abiria waliowakuta

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za meli, na swali ninaloulizwa zaidi na wanaotaka kupanda meli ya kitalii wiki ya sikukuu ni hili: "Kutakuwa na watu wengi?" Kwa miaka kadhaa nilijibu kwamba ndiyo, watakuwa wengi, ila mtazoea. Jibu hilo halina uongo, lakini halimfai mtu kitu. Kisa hiki ndicho kilichonifanya niliache. Nimeondoa majina ya watu, ya meli na ya kampuni, na mambo machache ya kifamilia nimeyageuza ili wahusika wasijulikane. Wenyewe wamekisoma na kuridhia.

## Usuli

Walikuwa watu 12 katika vyumba vinne. Bibi, mwenye miaka 75, alilala chumba kimoja na mdogo wake wa kike, ambaye wajukuu wanamwita Bibi Mdogo. Binti mkubwa alikuja na mumewe na wavulana wawili, mmoja miaka 16, mwingine 14. Binti wa pili na mumewe walikuwa na msichana wa miaka mitano na mtoto wa miezi 20 aliyekuwa bado anavaa nepi. Kitinda mimba alikuja na mkewe. Hawana watoto, na wote wawili walikuwa wametoka kwenye mwaka mgumu kazini.

Safari ilikuwa ya usiku saba katika Karibi ya magharibi, kutoka bandari moja ya Florida tarehe 21 Desemba na kurudi tarehe 28. Ratiba ilikuwa bandari mbili za Mexico, Cozumel tarehe 23 na Costa Maya tarehe 24, siku ya Krismasi yenyewe baharini, George Town katika Visiwa vya Cayman tarehe 26, kisha siku moja zaidi ya bahari mpaka nyumbani kwa meli. Meli ni ya ukubwa wa wastani kwa vipimo vya siku hizi: sitaha 14 za abiria, mabwawa mawili ya nje, bomba la kuteleza majini, ukumbi wa maonyesho, kasino, na eneo la watu wazima pekee kule nyuma, juu kabisa.

Wazo lilitoka kwa Bibi. Miaka miwili nyuma yeye na mdogo wake walipanda meli hiyohiyo, njia karibu ileile, wiki ya kwanza ya Desemba. Walirudi wakiisifia. Karata kila alasiri na wastaafu wenzao, muziki wa kuchezeka baada ya chakula, lifti inayofunguka ukigusa tu kitufe. "Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "unakaa kando ya bwawa unamaliza kitabu kizima na hakuna anayekurushia tone la maji."

Nilimsikia, nikacheka naye, na sikumsahihisha. Kosa la kwanza la kisa hiki ni hilo, na ni langu.

## Walichotarajia

Mlipaji na msemaji alikuwa binti mkubwa, kwa hiyo niliongea naye peke yake. Baadaye ndipo nilipojua kila chumba kilikuwa na lake moyoni. Yeye alitaka wanawe wapate vijana wenzao waachane na simu. Mdogo wake alitegemea klabu ya watoto impe walau saa tatu za kupumzika kwa siku. Kitinda mimba na mkewe walitaka kulala, kusoma na kutoongea na mtu. Bibi alitaka karata zake na muziki wake.

Ukiyapanga matarajio hayo pamoja unaona ni ya meli mbili tofauti. Binti wawili walikuwa wakiielezea meli ya wiki ya Krismasi, Bibi na kitinda mimba meli ya mwanzoni mwa Desemba. Ni chuma kilekile, jina lilelile limeandikwa ubavuni, lakini waliomo ndani ni wengine kabisa.

## Maamuzi ya kabla ya safari

Tulihifadhi nafasi Februari, miezi kumi kabla. Uamuzi huu sina la kuujutia. Vyumba vinavyolaza watu wanne ndivyo vinavyokwisha kwanza wiki za likizo za shule, na anayesubiri punguzo la dakika za mwisho hubaki na vyumba vya wawili wawili vilivyotawanyika sitaha tofauti.

Oktoba likatokea jambo dogo lenye funzo. Binti mkubwa alitaka kumwongeza mpwa wa mumewe, kijana wa miaka 17. Chumba cha kitinda mimba kilikuwa na kochi linalogeuka kitanda, hivyo nafasi ya kulala ilikuwepo na mwenye chumba alikubali, japo kwa kuguna. Kampuni ikakataa. Binti mkubwa alidhani wananuna tu au wanataka kuuza chumba kipya. Sababu ni kwamba kila chumba kimepangiwa kituo cha kukusanyikia wakati wa dharura, na kila kituo kina idadi ya watu ambao mashua zake za kuokolea zinaweza kuwabeba. Wiki nyingi za mwaka idadi hiyo haifikiwi hata kwa mbali, kwa sababu vyumba vingi vina watu wawili. Wiki ya Krismasi kochi na vitanda vya kukunja vya juu vimejaa watoto, kituo kinafika kikomo huku vitanda vikiwa bado vipo. Hapo hakuna cha kubembeleza.

Chakula cha jioni niliwaweka wote zamu ya mapema, saa kumi na moja na nusu, meza moja kubwa. Nilimfikiria mtoto mdogo na saa yake ya kulala. Chumba cha Bibi nilikitafuta sitaha ya nane, hatua chache kutoka kwenye lifti, ili asitembee sana. Kitinda mimba nikampa chumba kizuri chenye roshani, na sikutazama kwamba kina mlango wa ndani unaounganisha na chumba jirani. Wiki ya kawaida mlango huo unafungwa na hakuna anayeukumbuka.

## Ilivyokuwa, siku kwa siku

Tarehe 21 walifika bandarini saa tano asubuhi, ingawa muda wao wa kuingia ulikuwa saa saba na nusu. Wazo lilikuwa kuwahi. Kila familia ilikuwa na wazo hilohilo. Bibi aliniambia alianza kuhesabu vigari vya watoto kwenye foleni, akafika 19 kabla hajaiona kaunta, akaacha. Mara ya kwanza kabisa aliposafiri na meli hii hakumbuki kuona hata kimoja.

Jioni hiyo klabu ya vijana ilikuwa na mkutano wa kufahamiana. Wavulana wawili hawakuwekwa kundi moja, kwa kuwa kampuni hii, kama nyingine kadhaa, hutenga miaka 12 hadi 14 peke yao na 15 hadi 17 peke yao. Wa miaka 14 alikwenda kwa kusukumwa. Wa miaka 16 aligoma, akasema hiyo ni shule ya chekechea ya baharini. Mama yake akamwachia.

Tarehe 22, siku nzima baharini, ndiyo iliyoonyesha sura halisi ya wiki. Saa mbili na nusu asubuhi kitinda mimba na mkewe walipanda kule juu kwenye eneo la watu wazima wakakuta vitanda vya kuotea jua vyote vimeshikwa, na kwa vingi mshikaji ni taulo, kitabu na kandambili moja. Wenyewe walikuwa wanakunywa chai sitaha tatu chini. Kampuni huwa na kanuni ya kuondoa vitu vilivyoachwa muda mrefu bila mtu, lakini inahitaji mhudumu wa kutazama saa na mwenye moyo wa kugombana na abiria siku ya kwanza.

Binti wa pili alikuwa na asubuhi mbaya kuliko wote. Alimpeleka wa miaka mitano klabuni saa nne kasorobo akaambiwa kundi la umri huo limejaa, arudi mchana, kwani idadi ya watoto inafuata idadi ya walezi. Akaenda na wadogo wote wawili bwawani. Mlinzi wa bwawa akamtazama wa miezi 20, akatikisa kichwa. Mtoto wa nepi haruhusiwi kuingia, hata nepi ikiwa ya kuogelea. Hii si roho mbaya ya mlinzi: ni masharti ya afya yanayosimamiwa na taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, kwa meli zinazotia nanga nchini humo, na njia pekee ni kibwawa kilichotengenezwa maalumu kwa watoto wa nepi. Meli hii haikuwa nacho. Klabu yenyewe ilianzia miaka mitatu. Chumba cha kulelea wachanga kilikuwepo, cha kulipia kwa saa, na saa zake zote nzuri zilikuwa zimeshikwa tangu jana yake, ndani ya muda ambao familia hii ilikuwa inapiga picha za kuondoka bandarini.

Bibi yeye alikutana na lifti. Aliingia sitaha ya nane akitaka kupanda ya kumi na moja. Ndani alikuwemo mvulana wa miaka sita hivi, kichwani amevaa pembe za paa za kitambaa, na alikuwa amebonyeza vitufe vyote. Vyote 14. Lifti ilisimama kila sitaha, kila mlango ukifunguka kulikuwa na watu wanaotaka kuingia na hakuna nafasi, na mvulana anawapungia mkono. Bibi alifika juu akiwa amekasirika, akakuta chumba cha karata kimejaa vijana wanaocheza michezo ya mezani. Wastaafu wa karata hawakuwepo. Hawakuwa wamejificha popote. Hawakuja wiki hiyo.

Cozumel ilipita salama. Meli zilikuwa kadhaa gatini, fukwe zimejaa, familia ilikodi gari na kwenda zake upande wa mashariki wa kisiwa. Sina la kuongeza.

Tarehe 24 kitinda mimba na mkewe walifanya jambo ambalo sikuwashauri mimi, na natamani ningekuwa mimi. Wenzao waliposhuka Costa Maya, wao walibaki. Bibi na Bibi Mdogo nao wakabaki. Kuanzia saa tatu asubuhi meli ilianza kumwagika kama kibuyu kilichotoboka, na kufikia saa nne ilikuwa kimya. Kule juu vitanda vya jua vilikuwa vitupu, taulo zimekunjwa. Kwenye bwawa kulikuwa na watu watano. Bibi Mdogo alipata wanawake wawili wa makamo, nao wamebaki kwa sababu hiyohiyo, wakacheza karata mpaka saa tisa alasiri. Wiki ile ya Desemba ambayo Bibi alikuwa akiitafuta ilikuwa imefichwa ndani ya hii, ikidumu saa sita.

Krismasi, baharini. Saa nne asubuhi Baba Krismasi aliingia ukumbi mkuu, na meli nzima ilitaka kuwa pale kwa wakati mmoja. Ngazi zilijaa, kila roshani ya ndani ina safu tatu za watu, lifti hazikupatikana. Ibada ilikuwa imefanyika mapema kwenye ukumbi wa maonyesho. Bibi alikwenda akitarajia watu thelathini, akakuta ukumbi umejaa hadi juu. Aliniambia aliimba wimbo anaoujua katika lugha yake huku mamia wakiuimba katika lugha zao, na hilo hakulipata katika safari yake ya kwanza.

George Town haina gati la meli kubwa, kwa hiyo meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Meli ikiwa na watu wa kawaida ni dakika chache za kusubiri. Tarehe 26 familia ilichukua namba ya kundi saa tatu na nusu, ikashuka saa sita kasoro. Waliotangulia ni walionunua ziara za kampuni na wateja wa siku nyingi. Tena tarehe 26 Desemba ni sikukuu ya umma kule, hivyo maduka kadhaa waliyoyataka yalikuwa yamefungwa. Wa miezi 20 alilala kifuani kwa baba yake foleni nzima, jambo pekee jema la asubuhi hiyo.

Na mlango ule wa ndani? Chumba jirani na cha kitinda mimba kilikuwa na watoto watatu, wazazi wao wakiwa chumba cha upande wa pili wa barabara ya ndani. Kila alfajiri saa kumi na mbili mmoja wao alikuwa akiuburuta mpini wa mlango kuona kama utafunguka.

## Uamuzi mgumu: kugawa meza

Kilichowasumbua zaidi ni chakula cha jioni. Zamu ya mapema wiki ya likizo ndiyo zamu ya watoto. Ukumbi ulikuwa na viti vya watoto kila meza ya tatu, glasi zinaanguka, na Bibi, anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia, alikuwa akikizima kila jioni kwa sababu vijiko na vilio vilimwingia vyote kwa nguvu ileile. Akikizima hasikii wajukuu. Akikiwasha anaumwa kichwa. Usiku wa pili aliomba ale chumbani.

Kitinda mimba akapendekeza yeye, mkewe na mabibi wahamie zamu ya saa mbili na robo usiku. Binti mkubwa alikataa kwa maneno makali kidogo: "Tumekuja ili tukae meza moja na Mama. Kama ni kula mbalimbali tungebaki makwetu." Hoja yake ilikuwa nzito, na mwenye haki pale sikumwona, hata leo simwoni.

Walimaliza kwa maafikiano ya nusu. Kuanzia tarehe 23 wanne walihamia zamu ya usiku. Msimamizi wa ukumbi alilifanya kwa dakika mbili, maana wiki hizi zamu ya mapema ndiyo inayogombewa na ya usiku ina meza za kutosha. Kufidia kugawana huko, walikubaliana kukutana wote 12 kila siku saa tisa alasiri kwenye kona ya nyuma ya bafe, wakati wa mchana umekwisha na wa jioni haujaanza. Saa hiyo palikuwa patupu na Bibi alisikia kila neno. Siku ya Krismasi walikaa pale kwa muda wa saa mbili na nusu.

## Matokeo

Kijana wa miaka 14 alipata genge lake usiku wa kwanza na hakuonekana tena isipokuwa kwa kula na kubadilisha nguo. Huyu wiki ya Krismasi ilimfaa kuliko wiki nyingine yoyote ya mwaka. Kaka yake alizurura peke yake siku tatu. Makundi ya vijana melini huungana jioni ya kwanza, na anayekuja siku ya tatu anakuta utani tayari una historia. Aliokolewa na dada wa rafiki wa mdogo wake, aliyemvuta kwa mkono tarehe 24. Baada ya hapo tatizo likageuka: alirudishwa chumbani na walinzi usiku mmoja saa saba na dakika ishirini, kwani meli ilikuwa na saa ya mwisho kwa vijana wasio na wazazi.

Binti wa pili alirudi amechoka kuliko alivyoondoka. Sina namna ya kulipamba. Wa miaka mitano alifurahi siku alizopata nafasi klabuni, wa miezi 20 hakuwa na pa kuwekwa, na wazazi walipokezana zamu kama walinzi. Kitinda mimba na mkewe walipata siku moja waliyoitaka na usiku saba wa mpini wa mlango. Mabibi waliridhika kuanzia siku ya tatu, baada ya kuacha kuitafuta meli ya zamani.

## Uchambuzi

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Kampuni za meli huhesabu ujazo kwa watu wawili kwa kila chumba, kwa hiyo meli inaweza kujaa kwa zaidi ya asilimia 100 bila kuvunja sheria yoyote. Mfano ulio wazi ni meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024: kwa hesabu ya wawili wawili inabeba abiria 5,610, na kikomo chake ni 7,600. Tofauti inakaribia watu 2,000, na karibu wote hao ni wale wa kitanda cha tatu na cha nne, mara nyingi watoto. Meli ya kisa hiki ni ndogo zaidi, lakini jambo ni lilelile. Lifti haziongezeki, bwawa halipanuki, na idadi ya vitanda vya jua ni ileile.

Hata hivyo, idadi pekee haielezi yaliyotokea. Tarehe 24 abiria wa meli walikuwa walewale na palikuwa shwari. Tarehe 25 hapakuwa na pa kukanyaga. Kinacholeta msongamano wiki ya sikukuu ni kwamba watu wa aina moja wana saa za aina moja. Wiki ya wastaafu kila mtu ana ratiba yake: huyu ameamka alfajiri, yule saa nne, mwingine hali chakula cha mchana. Familia zenye watoto zinaamka pamoja, zinatafuta kifungua kinywa pamoja, zinaingia majini pamoja, zinapanga foleni ya zamu ya mapema pamoja. Ndiyo maana bafe ya saa tisa alasiri na ukumbi wa saa mbili usiku vilikuwa na nafasi katika meli iliyofurika. Mimi niliwapangia familia hii saa za kila mtu, kwa nia njema kabisa.

Pili, nani anapanda huamuliwa na kalenda ya shule kabla ya kitu kingine. Kwa meli zinazotoka Marekani, wiki zenye watoto wengi ni ya Sikukuu ya Shukrani (Alhamisi ya nne ya Novemba), mbili za Krismasi na Mwaka Mpya, ile inayobeba Jumatatu ya tatu ya Februari (sikukuu ya Siku ya Marais), na mlolongo wa likizo za machipuko kuanzia Machi hadi Pasaka. Kati ya Shukrani na Krismasi kuna bonde la wiki mbili au tatu ambamo shule zimefunguliwa, na bonde hilo ndilo Bibi alilosafiria mara ya kwanza. Kwingine kalenda ni nyingine. Australia watoto wako likizo ndefu Desemba na Januari, Ulaya ni Julai na Agosti, na meli za Asia hujaa Mwaka Mpya wa Kichina. Anayenunua tarehe bila kujua shule za wanaoishi karibu na bandari ya kuondokea zimefungwa lini, ananunua gizani.

Tena wiki mbili za sikukuu hazifanani. Ya Krismasi ni ya vizazi vitatu meza moja. Ya Mwaka Mpya, kwa niliyoyaona, huvuta pia makundi ya marafiki na wapenzi wasio na watoto, na kelele zake zinahamia usiku wa manane. Urefu nao una kauli. Safari za usiku tatu au nne huvuta vijana wanaotaka sherehe, usiku saba ndio wa familia, na kuanzia usiku kumi kwenda juu wenye nafasi hiyo wengi ni waliostaafu. Na asiyetaka mtoto hata mmoja asihangaike na kalenda: kampuni za Viking na Virgin Voyages hazipokei abiria wa chini ya miaka 18, iwe Krismasi iwe Juni.

Kilichofanya kazi: kuhifadhi mapema, kubaki melini siku ya bandari, kuhamia zamu ya usiku, na kikao cha saa tisa. Angalia kwamba katika hayo manne la kwangu ni moja tu.

Kilichoshindwa kinanihusu zaidi. Niliongea na mtu mmoja kwa niaba ya 12. Sikuuliza mtoto mdogo ana miezi mingapi na kama ameacha nepi, swali ambalo lingenifanya nitafute meli yenye kibwawa cha wachanga au niwaambie wasubiri mwaka mmoja. Sikuwaambia wafungue programu ya simu ya meli dakika ile waliyokanyaga sitaha ili washike saa za chumba cha wachanga. Sikumwambia mama wa vijana kwamba mkutano wa jioni ya kwanza una uzito kuliko klabu nzima ya siku zinazofuata. Mlango wa ndani ulikuwa umeonyeshwa kwenye ramani ya vyumba, kwa alama ndogo, na niliuona baadaye nilipokwenda kutazama. Na Bibi aliponielezea safari yake ya kwanza ningemuuliza swali moja, ilikuwa tarehe ngapi, kisha nimwambie watu wale hawatakuwepo.

Kuhusu meza, nimebadilisha ushauri wangu ila bila uhakika mkubwa. Siku hizi naziweka familia kubwa zamu ya usiku wiki za sikukuu, isipokuwa kuna mtoto mdogo kweli, na nawataka wapange mapema saa moja ya mchana ya kukutana. Wapo walionirudia wakisema watoto walisinzia juu ya sahani.

Mwezi Machi Bibi alinipigia. Yeye na mdogo wake wanataka kurudi, wawili tu, wiki ya kwanza ya Desemba. Nilimwekea chumba kilekile cha sitaha ya nane. Kabla hajakata simu akanisimulia habari za yule mvulana wa pembe. Kumbe walikutana lifti karibu kila siku, na kufikia tarehe 26 alikuwa ameacha kubonyeza vitufe vyote. Akimwona Bibi anaingia, anainua vidole vinane, anabonyeza kimoja tu, kisha anasimama wima kama mhudumu.

"Sasa hiyo ya Desemba mapema," akaniuliza, "hawa hawatakuwepo kabisa?"

Nikamwambia hawatakuwepo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nimwekee tu.